Bunduki iliyogandia kwenye kitako chake

Ijumaa moja baada ya sala, kijana fundi wa boti alivuka feri kutoka Likoni akiwa na mfuko mrefu begani na cheti chake cha silaha mkononi. Aliuweka mfuko juu ya meza yangu polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa. "Ami," akaniambia, "skrubu zote nimezitoa, lakini haitoki."

Kwanza nilifungua bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nikachungulia chemba risasi inapokaa, nikapapasa mdomo wake kwa kidole. Haikuwa na risasi. Huwa nafanya hivyo kwa kila bunduki inayopita mlangoni, hata mwenyewe akiniapia kwamba aliikagua nyumbani. Kisha nikaigeuza na kuitazama kwa chini. Ukingoni mwa kitako, ule mti unaobeba chuma chote, nikaona mstari mwembamba wa epoksi, gundi ya kuchanganya, rangi ya asali, umekauka na kung'aa, nikajua kilichotokea kabla hajanieleza.

Ilikuwa bunduki ya .22 ya kulenga shabaha. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo bunduki za namna hii zinazonijia karakanani kazi yake ni kutoboa karatasi. Katika mashindano ya mita 50, duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, na risasi yenyewe ina karibu milimita 5.6. Ukikosea kwa unene wa kidole, umeshatoka nje. Ndiyo maana watu hawa hawalali kwa ajili ya vitu ambavyo mwingine hata havioni.

Na shida aliyokuwa nayo kijana ilikuwa ya kweli. Wakati wa kaskazi bunduki yake ilipiga vizuri, matundu yanakaribiana. Masika yakiingia, mwezi wa tano mvua haikatiki, matundu yanahama kwenda kulia, na kila akirekebisha darubini yanahama tena. Alidhani darubini imeharibika. Baadaye akagundua mwenyewe kwamba tatizo ni mti, na hapo nampa heko, kwa sababu wengi hununua darubini ya pili kabla ya kufika hapo.

Kitako cha bunduki yake kilikuwa cha mjozi, kizuri, cha zamani, alichokishika babake miaka mingi. Mti hata ukikatwa hauachi kunywa maji. Hapa Mombasa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na mbao huuvuta na kuutoa kufuatana na msimu. Kwa urefu haibadiliki sana. Kwa upana ndiko inakovimba. Seremala yeyote aliyetengeneza mlango wakati wa jua akauona umekwama wakati wa mvua anaujua mchezo huo. Katika bunduki, mti ukivimba upande mmoja hugusa mtutu. Mtutu nao, risasi inapopita, hutetemeka kama waya wa udi uliochapwa. Ukiuwekea kidole mahali fulani, sauti hubadilika, na kwenye mtutu kinachobadilika ni mahali risasi inapokwenda.

Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kupanua mfereji wa mtutu ndani ya kitako, mtutu uelee bila kugusa mti popote. Hiyo aliifanya kwa msasa uliozungushiwa bomba, na aliifanya vizuri. Nilipitisha karatasi baina ya mtutu na mti, ikateleza kutoka mbele hadi karibu na resiva, yaani ule mwili wa chuma unaobeba bolti, bila kukwama. Sehemu ya pili ni kuilaza resiva juu ya tandiko la epoksi linalolingana nayo kabisa, ili skrubu zikikazwa isipindwe na mti wala isihame hata kidogo baada ya kila risasi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nataka kulieleza hili kwa urefu, kwa sababu kijana huyu hakuwa mzembe. Anaijua epoksi kuliko mimi. Maisha yake yote ameziba boti za faiba, anapima kwa jicho, anachanganya akiwa amefumba macho. Lakini kazi yake ni viraka, hajawahi kutoa boti kwenye kalibu. Katika kiraka unataka gundi ishike na isiachie mpaka boti yenyewe ife. Mikono yake imefundishwa hivyo: safisha, kwaruza, ondoa mafuta, bandika. Alipokuja kwenye bunduki, akaisafisha resiva kwa thina mpaka ikawa kavu kabisa. Kwa boti angekuwa amefanya ibada. Kwa resiva alikuwa ameondoa kitu pekee ambacho kingeweza kumwokoa.

Tandiko la bunduki linatakiwa lifuate umbo la chuma kwa usahihi kabisa, kisha likiachie. Kwa hiyo saa nyingi za kazi hii haziendi kwenye epoksi. Zinakwenda kwenye nta. Mimi hupaka nta tabaka mbili, nasubiri ikauke, nang'arisha, halafu naikagua resiva juani na kwa taa, kila pembe, kila hesi, hata mahali ninapoamini epoksi haitafika. Epoksi inapokuwa laini hutafuta njia kama maji ya mvua kwenye paa. Ukiacha nafasi ndogo kama kucha bila nta, itaiona.

Kosa la pili lilikuwa matundu. Resiva ina tundu la skrubu, nafasi ya kifyatulio, nafasi ya magazini. Yote hayo huzibwa kwa udongo laini wa kuchezea watoto, ukakatwa sawasawa na uso wa chuma. Yeye aliziba nafasi ya magazini pekee. Epoksi ikaingia kwenye matundu ya vijiti vya kifyatulio, ikakauka humo, ikawa misumari. Hata kama angepaka nta kila mahali, misumari ile ingebaki palepale.

La tatu ndilo lililonitia huzuni zaidi, kwa sababu halionekani mpaka uambiwe. Resiva yake ni ya mviringo. Epoksi ikiifunika chini hadi nusu ya duara, unaweza kuinyanyua moja kwa moja kwenda juu, kama chungu kinavyonyanyuliwa kwenye kata. Ikipanda juu ya nusu, hata kwa unene wa ukucha, inakuwa imekumbatia. Kipenyo cha chuma sasa ni kikubwa kuliko mdomo wa tandiko, na hakuna nguvu itakayokitoa bila kuvunja kimojawapo. Yake ilipanda kushoto, kwa sababu joto lilimharakisha. Epoksi inayokupa nusu saa kwa nyuzi 20 hukupa karibu robo saa tu kwa nyuzi 30, na Machi hapa kwetu mchana hufika 32. Tena alichanganya kikombe kizima. Ikiwa nyingi mahali pamoja hujichemsha yenyewe. Alipoona inaganda, aliibana resiva kwa haraka, na iliyozidi ikapanda pembeni. Hakupata muda wa kuifuta.

Tulijaribu baridi kwanza. Chuma, epoksi na mti havisinyai kwa kipimo kimoja, na mara nyingi tofauti hiyo hutosha kuvunja mshiko. Jirani yangu muuza samaki alinikubalia kona ya friza yake. Nilitoa bolti nikaifungia sandukuni kwangu, nikaifunga bunduki kwa plastiki mara tatu, nikakaa hapo hapo nayo, maana silaha ya mtu haiachwi mahali. Baada ya saa tano niliirudisha karakanani, nikagonga chini ya mtutu kwa nyundo ya mpira. Kimya. Nikajaribu joto, kwa kile chuma cha moto cha mafundi redio, nikagusa chuma karibu na matundu mpaka epoksi ilainike. Upande wa kulia ukalia kidogo. Wa kushoto haukusogea.

Nikamwita kijana, nikamwambia, "Mwanangu, nachagua chuma au mti, viwili sitaweza." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia nikate mti.

Nilikata kwa msumeno mwembamba na patasi, siku mbili, nikisimama kila milimita chache. Resiva ilitoka bila mkwaruzo. Mtutu mzima. Kitako cha babake kilibaki vipande vitatu, na kijana alivifunga kwenye kanga akaondoka navyo.

Alinunua kitako kingine cha mjozi, akaniomba tukilaze pamoja. Kutengeneza bunduki za watu kunataka leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, nami ninayo, kwa hiyo tulifanya kwangu, alfajiri, kabla ya joto. Nta alipaka yeye. Tabaka mbili, kisha akaniomba ruhusa apake la tatu. Nikaweka nguzo mbili za alumini kwenye matundu ya skrubu, kwa sababu mti hubonyea na alumini haibonyei. Udongo aliukata yeye kwa wembe. Mstari wa nusu ya duara tuliuchora kwa penseli pande zote mbili, na kila epoksi ilipoukaribia aliifuta kwa kijiti cha pamba.

Tulisubiri siku nzima. Kesho yake alilegeza skrubu, akaushika mtutu, akapiga kitako kwa kiganja mara moja. Ikasikika sauti ndogo, tak, na resiva ikanyanyuka mkononi mwake. Aliinama akatazama ndani ya tandiko. Mikwaruzo ya mashine ya kiwanda, ile myembamba isiyoonekana ila kwa mwanga wa pembeni, ilikuwa imejichapa yote kwenye epoksi, mstari kwa mstari.