Kusahau kwa mzee si lazima kuishie kwenye Alzheimer

Huku Newala na Masasi, mzee akirudia swali lilelile, au akisahau bei iliyotangazwa jana kwenye mnada wa korosho, watu wa nyumbani husema upesi kwamba tayari ana ugonjwa wa Alzheimer. Hilo ni kosa, na linaumiza. Ikiwa bado anapika na kuhesabu fedha zake mwenyewe, huenda ana upungufu mdogo wa utambuzi, yaani kumbukumbu au fikra zimepungua kuliko kawaida ya umri wake lakini bado anajitegemea, hali ambayo, miongoni mwa wanaofika kliniki za kumbukumbu, takriban asilimia 10 hadi 15 kwa mwaka huishia kwenye dimensia (kupotea kwa uwezo wa akili hadi mtu ashindwe kujitegemea, na Alzheimer ndiyo aina yake kuu), ilhali wengine hubaki walivyo kwa miaka na baadhi hurejea kawaida.

Madaktari hukadiria hatari hiyo kwa kuunganisha majaribio ya kumbukumbu, picha za ubongo za MRI zinazoonyesha kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na vipimo vya protini za amiloidi na tau, zinazohusishwa na Alzheimer, katika maji ya uti wa mgongo. Hata hivyo, wanachopata ni uwezekano tu. Kwa hiyo naomba sana, kabla ya kumnyang'anya bibi funguo za stoo, apimwe kwanza vitamini B12, homoni za thairoidi, sonona na usikivu, na dawa anazotumia zikaguliwe, kwa sababu mengi kati ya haya hutibika.