Je, wajua ilijulikanaje gesi ya Ziwa Kivu imetoka wapi?

Mkazi wa Goma, mji ulio kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, hahitaji kuelezwa mazuku ni nini. Ni ile hewa isiyoonekana wala kunuka inayojikusanya usiku katika mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano, kuanzia kando ya ziwa hadi upande wa Sake. Asubuhi mbuzi aliyefungwa mahali pa chini hukutwa amekufa bila jeraha lolote, ilhali mtu mzima aliyesimama hapo hapo huenda asihisi kitu mpaka ainame. Wanasayansi huiita hewa ya ukaa, na uzito wake ni takriban mara moja na nusu ya hewa tunayovuta. Hewa hiyo hiyo imo ndani ya Ziwa Kivu kwa wingi usio wa kawaida: ikipimwa kwa msukumo wa juu ya ardhi ingejaza takriban kilomita za ujazo 300, na pamoja nayo kuna takriban kilomita za ujazo 60 za methani, gesi inayowaka.

Gesi hizo hazitoki kwa sababu ziwa lina kina cha hadi mita 485, na uzito wa maji ya juu unazibana chini zikiwa zimeyeyuka, kama gesi inavyobanwa ndani ya soda kabla kizibo hakijafunguliwa. Swali lililowashughulisha watafiti kwa miaka mingi ni asili yake. Volkano ya Nyiragongo iko karibu, kwa hiyo ni rahisi kuitaja na kumaliza maneno. Lakini methani hutokea pia pale majani na viumbe vilivyokufa vinapooza mahali pasipo na oksijeni, na hutokea vilevile katika miamba ya kina kirefu inayopikwa na joto la ardhi. Molekuli ya methani iliyotoka kwenye tope na ile iliyotoka kwenye mwamba zote zina atomu 1 ya kaboni na 4 za haidrojeni. Kwa kuzitazama kikemia tu, huwezi kuzitofautisha.

Jibu lilipatikana katika isotopu. Kila atomu ya kaboni ina protoni 6 katika kiini chake, na hizo ndizo zinazoifanya iwe kaboni na si kitu kingine. Idadi ya nyutroni, hata hivyo, inaweza kubadilika: nyingi zina nyutroni 6 na huitwa kaboni-12, takriban 1 katika kila 100 ina nyutroni 7 na huitwa kaboni-13, na chache mno zina nyutroni 8, nazo ni kaboni-14. Mwingereza Frederick Soddy ndiye aliyelitumia jina la isotopu mwaka 1913, na maana yake katika Kigiriki ni «mahali pamoja», kwa kuwa atomu hizo hukaa katika chumba kimoja cha jedwali la elementi ingawa uzito wake si mmoja.

Tofauti ya uzito huleta tofauti ya mwendo. Wachukue vijana wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazofanana kupanda mlima, mmoja akiwa amebeba gunia moja la viazi zaidi ya mwenzake. Hakuna atakayeshangaa yule wa mzigo mwepesi akifika kwanza. Vivyo hivyo, mimea na vijidudu vinapochukua kaboni ili kujijenga, kaboni-12 huingia kwa wepesi zaidi kuliko kaboni-13, na kila njia ya kutengeneza kitu huacha uwiano wake. Hata mahindi na muhogo vina alama tofauti, kwa sababu mahindi hunasa kaboni kwa njia nyingine, na ndiyo maana uchunguzi wa unywele unaweza kuonyesha kama mwenye unywele huo amekuwa akila zaidi bugali wa mahindi au wa muhogo.

Kipimo chenyewe ni cha hila kidogo. Gesi ya sampuli hutiwa chaji ya umeme, kisha hurushwa kupita katikati ya sumaku yenye nguvu inayoipinda njia yake. Molekuli ya hewa ya ukaa yenye kaboni-12 ina uzito wa 44, yenye kaboni-13 ina 45, na iliyo nyepesi hupinda zaidi, hivyo kila kundi huangukia mahali pake na kuhesabiwa. Matokeo hulinganishwa na kipimo cha rejea, ambacho kilianzia kwenye kisukuku cha kiumbe wa baharini kilichopatikana South Carolina, Marekani, na tofauti huandikwa kwa sehemu za 1,000, kwa kuwa ni ndogo mno kuandikwa kwa asilimia.

Hewa ya ukaa ya maji ya chini ya Kivu ina upungufu wa kaboni-13 wa karibu sehemu 6 katika 1,000. Majani ya miti mingi yana upungufu wa karibu 27, na chokaa ya baharini iko karibu na 0. Gesi inayopanda kutoka tabaka la chini ya ganda la dunia huwa kati ya 5 na 8. Hapo volkano ilijitaja yenyewe, na mazuku ya nchi kavu yana alama hiyo hiyo. Methani ilitoa jibu lingine kabisa: upungufu wake ni karibu 60, kiwango ambacho kwa kawaida huwa ni kazi ya vijidudu visivyohitaji oksijeni.

Basi ingeonekana methani yote inatokana na mabaki ya mimea na viumbe vya ziwani, lakini kaboni-14 ilikataa. Isotopu hii huzaliwa juu angani pale miali kutoka anga za mbali inapoigonga naitrojeni, na nusu yake huoza, yaani hugeuka kuwa elementi nyingine, kila baada ya miaka 5,730. Kitu kilichokua juzi kinayo, na kitu cha kale sana hakinayo. Methani ya Kivu ina kaboni-14 kidogo sana, kana kwamba ni ya maelfu mengi ya miaka. Wengi hukosea hapa. Upungufu huo hauonyeshi kwamba gesi ni mzee. Unaonyesha kwamba malighafi yake haikuwahi kupita angani. Vijidudu vya chini ya ziwa huchukua hewa ya ukaa ya volkano, huiunganisha na haidrojeni, na kutengeneza methani mpya kwa kaboni iliyokufa, yaani isiyo na kaboni-14. Kwa hesabu za watafiti, takriban theluthi mbili ya methani imepatikana kwa njia hiyo, na iliyobaki inatokana na mabaki yaliyooza.

Heli, gesi nyingine nyepesi, nayo ilithibitisha habari ya volkano. Heli-4 huzalishwa daima na kuoza kwa urani na thori ndani ya miamba. Heli-3, kinyume chake, nyingi imesalia chini tangu dunia ilipoumbwa. Gesi ya Nyiragongo na maji ya kina ya Kivu vina heli-3 kwa uwiano mkubwa kuliko ule wa hewa ya kawaida.

Kwa wanaotafuta umeme, habari hizi si mapambo. Huko Rubona, karibu na Gisenyi, methani ya ziwa ilianza kutumika katika kiwanda cha bia mwaka 1963, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unaendeshwa upande wa Rwanda. Kwa kuwa vijidudu vinaendelea kutengeneza methani, inayovunwa hujazwa tena polepole, ila kwa mwendo wa vijidudu, si wa pampu. Vipimo vya mwaka 2018 havikuonyesha kwamba gesi inaongezeka, ingawa miaka ya nyuma kulikuwa na hofu ya namna hiyo, hofu iliyoeleweka kwa mtu anayekumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, lililotoa hewa ya ukaa ghafla mwaka 1986 na kuua watu takriban 1,700.

Wanaochunguza tope la chini ya ziwa ili kujua milipuko ya zamani hulazimika kuwa waangalifu kwa sababu ya kaboni hiyo hiyo iliyokufa. Masalia ya viumbe waliokulia majini yakipimwa kwa kaboni-14 huonyesha umri mkubwa kuliko wake wa kweli, hivyo watafiti hupekua tope hilo kutafuta kipande cha jani au kijiti kilichochukuliwa na mvua kutoka mlimani.