Kumvisha mtu wa kidijitali: kwapa, paja na uzito wa nukta

Hapa Ujiji nilikaa kwenye cherehani ya mama mdogo kabla sijagusa kompyuta, na hadi leo, ninapomvisha mtu wa kidijitali blauzi ya kitenge kwenye Blender, programu ya kuundia watu na vitu vya pande tatu, naanzia anapoanzia fundi, yaani kwenye vipimo vya mwili. Tofauti ni kwamba nguo ya kwenye kompyuta ni wavu wa nukta zilizounganishwa kwa mistari, na wavu huo hausogei hata kidogo mpaka uelekezwe ufuate mfupa gani.

Mtu huyo ana mifupa ndani yake. Kila nukta ya ngozi hupewa uzito, yaani namba kati ya 0 na 1, kuonyesha inavutwa na mfupa upi na kwa kiasi gani. Uzito wote wa nukta moja ukijumlishwa unapaswa kufika 1. Nukta ya kwenye kiwiko, kwa mfano, inaweza kuchukua 0.5 kutoka mfupa wa juu na 0.5 kutoka wa chini. Nguo nayo huundwa milimita chache juu ya ngozi, kisha hunakili uzito wa sehemu ya ngozi iliyo karibu nayo zaidi, na tangu hapo mtu akikunja goti, suruali hukunjika naye.

Hapo penye "karibu zaidi" ndipo kazi nyingi huharibikia. Niliwahi kuunda blauzi mikono ya mtu ikiwa imening'inia. Nilipomwinua mkono, kitambaa cha ubavuni kikapanda nao, kikatanda kama ngozi ya mguu wa bata, kwa sababu nukta za ubavuni zilikuwa karibu na mkono kuliko mbavu. Sasa humnyoosha mikono pembeni kwanza ndipo nikanakili, kisha kwapa nalishughulikia mwenyewe, nukta kwa nukta, huku nikiuinua na kuushusha mkono. Kazi hii huchukua saa nyingi kuliko sehemu nyingine zote za nguo, na sioni njia ya mkato ninayoweza kuiamini.

Sketi ya kubana ina taabu yake. Nukta za upande wa kulia hunakili paja la kulia, za kushoto paja la kushoto, na mtu akipiga hatua kitambaa cha katikati huvutwa huku na huku kwa ghafla, kikatumbukia katikati ya mapaja, ilhali sketi ya kweli hutanda kutoka paja hadi paja. Dawa yake ni kuusambaza uzito polepole kutoka kulia kwenda kushoto, hadi nukta za katikati zigawane mapaja yote mawili nusu kwa nusu.

Ngozi ikichungulia kupitia kitambaa, naificha ile iliyofunikwa na nguo, basi.

Mwisho huja maua ya kitenge. Ili yachapwe juu ya wavu, nguo lazima ifumuliwe iwe bapa, nami hufumua palepale mama mdogo anapopitisha mshono: mabegani, ubavuni na chini ya mkono. Kisha hulinganisha ukubwa wa vipande, kwani kipande cha mkono kikiwa kidogo kuliko kipimo chake, kitatanuliwa kikirudi mwilini, na ua la mkononi litatoka kubwa kuliko la kifuani, na mvaaji yeyote wa kitenge ataliona kabla hajautazama uso wa mtu niliyemvisha.