Hakuna Likizo ya Dawa: Maswali ya Januari Kuhusu VVU

Desemba Moshi inajaa. Waliokwenda kutafuta maisha Dar, Mwanza na Dodoma wanapanda nyumbani Marangu, Kibosho na Rombo, mbuzi wanachinjwa, nyumba moja inalaza watu kumi na tano. Ikifika Januari, benchi la CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, linajaa watu waliokatisha dawa sikukuu nzima. Mimi ni muuguzi na nimechoka kuliona hilo. Maswali haya naulizwa kila mwaka.

VVU na UKIMWI ni kitu kimoja?

Hapana. VVU ni kirusi. UKIMWI ni hali ya mwili ulioshindwa kujikinga baada ya kirusi kuachwa kitambe muda mrefu bila dawa. Anayemeza dawa vizuri anaweza kuzeeka na VVU asiuone UKIMWI.

Nilikaa nyumbani wiki mbili, nikalala chumba kimoja na wadogo zangu. Sikumeza dawa wasije wakaniona. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Dawa hizi hazivimalizi virusi, zinavizuia kuzaliana. Ukisimamisha, vile vilivyojificha mwilini vinaamka, na ndani ya wiki chache vimerudi kwenye damu. Hapo unaweza kuugua, unaweza kuambukiza, na ukizoea kuacha na kurudi unavipa nafasi ya kujenga usugu, dawa zisiviweze tena. Meza leo. Usimeze viwili kwa mpigo ukidhani unafidia. Kisha njoo kliniki useme ukweli umekosa siku ngapi, maana tukidanganywa tunakutibu kwa kubahatisha.

Sababu naijua. Dada mmoja alinifungulia leso mbele ya meza yangu. Vidonge alikuwa amevitoa kwenye kopo kwa sababu kopo linalia likitikiswa, akavifunga kwenye leso na kuvisukumia ndani ya soksi. Vilikuwa vimeshika unyevu, vingine vimemeguka. Siku tisa hakumeza hata kimoja, kwa kuwa chumba hakikubaki kitupu.

Usivitoe kwenye kopo. Weka pamba juu ya vidonge, halitalia, na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kiache humo humo. Kabla ya safari tuambie, tuone pamoja saa ambayo utakuwa peke yako, hata kama ni alfajiri ukienda kuoga. Omba dawa za kutosha mapema. Zikikuishia njiani, nenda CTC iliyo karibu na kadi yako, ueleze kwamba uko safarini.

Hakuna likizo ya dawa. Si Krismasi, si msiba, si kipaimara cha mtoto wa dada.

Siku za mbege niliruka kidonge ili nisichanganye na pombe. Nilikosea?

Ulikosea, na wenzako wengi wanakosea hapo hapo. Mbege haikigeuzi kidonge kuwa sumu. Pombe nyingi inaumiza ini na inakusahaulisha saa, kwa hiyo punguza, au iache kabisa ukiweza. Lakini kama umeshakunywa, meza. Umekunywa kata moja, meza. Umekunywa tano, meza. Anayeruka kidonge kwa ajili ya pombe anajidhuru mara mbili.

Niliombewa mkesha wa mwaka mpya na najisikia mzima. Niache dawa?

Usiache. Sisi wa kaskazini tuna kumbukumbu ya mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi cha shilingi 500 kilichosemwa kinaponya. Wapo walioweka dawa kando baada ya kile kikombe, na walioumia ni wao. Mimi pia nasali. Ukiinuka kwenye maombi, meza kidonge. Kujisikia mzima ndiyo kazi ya dawa.

Nimeambiwa virusi havionekani. Nimepona?

Hujapona, umevifubaza. Maana yake vimekuwa vichache kiasi kwamba kipimo hakivioni, na ukibaki hivyo humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana. Utafiti uliofanyika Ulaya uliwafuatilia wapenzi wanaume karibu jozi 800, mmoja akiwa na VVU na anameza dawa, mwenzake hana, na hawakutumia kondomu kila mara. Matokeo yalitoka mwaka 2019: hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Nawasomea hayo mabwana na mabibi wa ndoa hapa Moshi, wengine wanalia kwa furaha. Basi wakumbuke hayo pia watakapomwona shoga amekaa nao benchi moja.

Ukiacha dawa, habari hiyo njema haikuhusu tena.

Mimi ni mwanaume na mpenzi wangu ni mwanaume. Kuna kituo walinicheka, mmoja akamwita mwenzake aje anione. Tangu hapo sijarudi. Nifanye nini?

Kwanza, pole sana kaka. Aliyekucheka alivunja maadili ya kazi yetu. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa na kumbagua anayeishi na VVU, na inatutaka tutunze siri yake.

Sitakuficha mengine. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga mtu maisha kwa tendo lenyewe la wanaume kujamiiana, na mwaka 2017 serikali ilisimamisha huduma katika vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia watu kama wewe. Hofu yako ina sababu. Lakini kuwa na VVU si kosa, na kumeza dawa si kosa. Mueleze muuguzi unachohitaji kutibiwa. Jina la mpenzi wako halihitajiki ili upewe kopo.

Kituo kile kikikushinda, hamia kingine, hata Arusha. Hamia, usiache. Ninaowaona wakiletwa na ndugu mgongoni, wamekonda, kifua kimeingia TB, wengi wao hawakukosa dawa nchini. Walicheleweshwa na aibu waliyotiwa na mtu mwenye sare kama yangu. Ahadi yangu ya mwaka huu naiandika hapa: nikimsikia mwenzangu anamsimanga mgonjwa dirishani, namkatiza papo hapo.

Kondomu ilipasuka juzi.

Nenda leo. Dawa za kujikinga baada ya tukio zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, na zinamezwa siku 28. Usingoje Jumatatu.

Sisi tusio na VVU tuahidi nini mwaka huu?

Mama, rudisha kikombe cha mwanao kabatini pamoja na vingine. VVU haviambukizi kwa kikombe, sahani wala kulala chumba kimoja. Mwajiri, acha kuulizia majibu ya mtu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU. Ukiona kopo la dawa kwenye begi la mgeni wako, lifunge begi, unyamaze, na saa ya dawa ikifika mpishe chumbani. Yule dada wa leso alihitaji hilo tu, dakika mbili za chumba kitupu.

Nimepotea miezi minane. Naona aibu kurudi, mtanigombeza.

Njoo. Tutakupima wingi wa virusi, tutakuangalia kama una kifua kikuu, na utarudishwa kwenye dawa. Kama una homa, kichwa kinauma sana au unakohoa, usisubiri siku ya kliniki, njoo hata usiku. Njoo na kadi. Kama kadi imepotea, njoo hivyo hivyo.