Gemu za mapigano na namba za umri: tunayoambiana Mtwara, na ukweli wake

"Gemu hizi ndizo zinazotuzalishia panya road, hao vijana wa mapanga." Kauli hii haikosi kwenye vikao vya wazazi hapa Mtwara, na anayeitoa huwa ana uchungu wa kweli wa mwanawe. Uchungu huo nauheshimu, ila ushahidi hauko upande wake. Mwaka 2019 watafiti wawili, Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff, walichapisha utafiti wa vijana wa Uingereza wapatao 1,000, wa miaka 14 na 15. Hawakumtegemea kijana ajisemee kama gemu yake ina ukatili. Waliangalia daraja rasmi la umri la gemu hiyo, yaani ile namba inayosema inafaa kuanzia miaka mingapi, na tabia ya kijana wakamuuliza mzazi wake. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za mapigano na ukorofi. Japani na Korea Kusini gemu zinachezwa kupindukia, na bado ni miongoni mwa nchi zenye mauaji machache duniani. Kijana akishika panga, tuulize kwanza shule aliacha lini, kazi alikosa wapi na nani walimpokea mtaani.

Sasa wenye vibanda vya gemu wakisikia hivyo wanafurahi: "Si umeona, mwalimu? Ni katuni tu, waache wacheze." Hapana, kaka. Hapo mnavuka kwenda upande wa pili, na huko ndiko naona madhara ya karibu zaidi.

Kibanda kimoja huwa nakipita nikitoka sokoni. Kina runinga mbili, benchi mbili, pedi za kuchezea zilizozungushiwa selotepu, na mlangoni kanga kuukuu ya kuzuia mwanga. Msimu wa korosho ukiingiza hela mitaani, hapo hapapitiki. Wakubwa wanacheza GTA San Andreas. Nyuma yao amesimama mtoto wa darasa la pili asiye na hata hela ya mechi moja, anatazama tu. Kwenye runinga mtu anaburutwa kutoka kwenye gari lake, anapigwa mpaka damu inatapakaa lami. Mtoto yule anacheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Hatakuwa muuaji kwa kuiona picha ile. Lakini ana miaka minane, na hakuna mtu mzima humo ndani anayemuuliza ameelewa nini au ameogopa nini.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliweka jambo hili sawa katika tamko lake la 2020: kuna uhusiano mdogo kati ya gemu za kikatili na mambo kama kufokeana na kusukumana, na si sahihi kuzibebesha gemu lawama za mauaji. Kauli hiyo inafaa ibebwe nzima, nusu zote mbili. Wazazi tunachukua nusu ya kwanza, wenye vibanda wanachukua ya pili.

Gemu ile ya kibandani ilitoka 2004. Ulaya ina alama ya 18, Marekani ina M, yaani miaka 17 na kuendelea. Diski iliyopo kwenye kibanda hicho, hapa kata ya Chikongola, ni ya kunakili, jina limeandikwa kwa maka peni, jalada halipo. Namba imeishia njiani.

Na hata ikifika, inasomwa vibaya. Wanafunzi wangu wengi wanaamini namba ile ni ugumu wa gemu: 3 ni rahisi, 18 ni ya mafundi. Si hivyo. Madaraja ya PEGI yanayotumika Ulaya tangu 2003, ambayo ni 3, 7, 12, 16 na 18, yanapima kilichomo: damu, matusi, ngono, dawa za kulevya, vitisho. Gemu za mpira kama FIFA zina 3, ingawa mtoto wa miaka mitatu hata pasi hawezi kupiga.

"Serikali ipige marufuku, yaishe." Australia walijaribu kitu cha namna hiyo. Mpaka mwisho wa 2012 hawakuwa na daraja la watu wazima kwa gemu; kikomo kilikuwa miaka 15, na iliyozidi hapo ilikataliwa kuuzwa, hata kwa mtu wa miaka arobaini. Matokeo yake yalikuwa kinyume na walivyotaka: gemu kadhaa zilizopewa 18 Ulaya, San Andreas ikiwemo, ziliruhusiwa Australia kwa alama ya 15. Januari 2013 wakaanzisha daraja la 18. Marekani, jimbo la California lilitunga sheria 2005 kuzuia watoto wasiuziwe gemu za kikatili. Mahakama ya Juu ikaifuta 2011 kwa kura 7 dhidi ya 2. Uingereza wamekwenda njia nyingine: tangu 2012 muuzaji anayempa mtoto gemu ya 12, 16 au 18 chini ya umri huo anavunja sheria. Hii ya Uingereza ndiyo naiona ina akili, maana inamgusa mtu mzima anayepokea hela. Marufuku ya dukani kwetu ingemgusa nani, wakati diski zinapita mkono kwa mkono?

Wapo wanaosema kupanga mambo kwa umri ni desturi ya Wazungu. Jamani, sisi watu wa Kusini wa kusema hivyo? Asiyeingia jandoni haambiwi ya jandoni, na ya unyagoni kungwi hayatamki mbele ya kila mtoto. Tumelelewa tukijua kwamba kuna neno lenye wakati wake.

Wengine hukimbilia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kulalamika. Bodi hiyo inashughulika na kamari: kubeti, kasino, zile mashine za sarafu. Gemu ya mapigano si kamari.

Kwenye simu, namba ipo. Fungua ukurasa wa gemu yoyote kwenye Play Store, Free Fire au nyingine, utaona daraja la umri. Ingia kwenye mipangilio, tafuta udhibiti wa wazazi, weka namba ya siri ambayo mtoto haijui, kisha chagua umri. Ila hii haizuii gemu anayorushiwa na rafiki yake simu kwa simu, kwa hiyo mama, baba, keti naye umwombe akuonyeshe anachocheza. Na ninyi wenye vibanda, karatasi moja ukutani inatosha kuanzia: FIFA na PES, 3, God of War na GTA, 18. Mchana wawekeeni wadogo mpira. Hizo nyingine zisubiri usiku, na mlangoni akae mtu mzima wa kuwarudisha nyumbani wanaochungulia.