Viwango vya matunzo katika nyumba ya wazee: kinachopimwa ni nini hasa?

Mgeni anayekwenda kuitazama nyumba ya wazee kabla ya kumleta mzazi wake huangalia kwanza sakafu, maua ya mapokezi na harufu ya korido. Si vibaya kuyaangalia hayo. Lakini viwango vya matunzo vinahusu jambo jingine. Nchini Marekani, ambako Wakenya na Waafrika Mashariki wengine wengi hufanya kazi ya uuguzi msaidizi katika nyumba hizi, sheria inamtazama mzee mmoja mmoja: aliingia akiwa na hali gani, leo yukoje, na kama amedhoofika, je, kudhoofika huko kungeweza kuzuiwa?

Msingi huo uliwekwa mwaka 1987, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kurekebisha nyumba za wazee. Nyumba yoyote inayolipwa na Medicare au Medicaid, yaani mipango ya serikali ya kugharimia matibabu ya wazee na ya watu wa kipato cha chini, inatakiwa kumsaidia kila mkazi afikie hali bora ya mwili, akili na maisha ya kijamii ambayo yeye, kwa afya aliyonayo, anaweza kuifikia. Mzee wa miaka 90 aliyepooza hatarajiwi kutembea tena. Kinachotarajiwa ni kwamba asipoteze kwa uzembe wa watu kile kidogo alichokuja nacho.

Kipimo kinachosema ukweli kuliko vingi ni kidonda cha kulalia. Huanza pale mfupa unapokaribiana na ngozi: juu ya makalio, nyonga, visigino. Mwanzoni hakuna kidonda, ni doa tu ambalo rangi yake haipotei ukilibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo hupita bila kuonekana, kwa hiyo ni lazima upapase na kusikiliza: pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu, au mzee anaguna ukigusa? Likiachwa, nyama huliwa mpaka mfupa ukaonekana. Kanuni inasema mzee aliyeingia bila kidonda asikipate akiwa ndani, isipokuwa hali yake ya kiafya ionyeshe kwamba hakikuweza kuepukika. Hapo nyumba ndiyo yenye kujieleza. Aligeuzwa? Nepi yake ilibadilishwa kwa wakati? Alikula, au sahani ilirudi jikoni imejaa? Ngozi yake iliangaliwa na nani, lini? Wengi wamezoea kugeuza kila saa mbili, lakini mzee mwingine anahitaji kugeuzwa mara nyingi zaidi, na hilo lazima liwe limeandikwa.

Linaandikwa kwenye mpango wa matunzo. Mpango wa awali hutolewa ndani ya saa 48 tangu mzee aingie, tathmini kamili inafuata ndani ya siku 14, kisha hali yake hupitiwa upya angalau kila miezi mitatu. Humo ndimo muuguzi msaidizi anapojua kwamba huyu maji yake yanafanywa mazito ili asipaliwe, na yule huinuliwa kwa mashine na watu wawili. Zamu ikipungukiwa watu na mmoja akaamua kumwinua peke yake, hapo ndipo nyonga huvunjika, na mgongo wa mhudumu pia huumia.

Usalama wenyewe hueleweka vibaya. Zamani mzee aliyeogopewa kuanguka alifungwa mikanda kitini au kitandani, akaitwa salama. Sheria ya 1987 ilimpa haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu au kuwarahisishia wahudumu kazi, na pia kutolishwa dawa za kumlegeza kwa sababu hizo hizo. Kumlinda kunataka kazi zaidi: kitanda kishushwe karibu na sakafu, kengele iwe mkononi pake, viatu visiteleze, na apelekwe chooni kabla haja haijambana akajaribu kwenda mwenyewe gizani.

Kazi hiyo inataka watu, na hapa sheria bado ni dhaifu kuliko inavyopaswa. Inadai mafunzo ya saa 75 kwa muuguzi msaidizi, na muuguzi aliyesajiliwa awepo saa 8 kila siku. Mwaka 2024 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni ya saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku. Mwaka 2025 mahakama huko Texas ikaifuta.

Yapo pia yale ambayo hakuna anayeyafikiria mpaka siku ya balaa. Septemba 2017 kimbunga Irma kilikata umeme wa viyoyozi katika nyumba moja ya wazee mjini Hollywood, Florida. Joto likapanda siku baada ya siku, na vifo 12 vikahusishwa na tukio hilo. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Baada ya hapo jimbo hilo likazilazimisha nyumba za wazee kuwa na jenereta na mafuta ya kutosha kupoza vyumba.

Wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, na miezi 15 haipaswi kupita kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Kasoro hupewa herufi kuanzia A hadi L. J, K na L maana yake maisha au afya ya wakazi iko hatarini sasa hivi. Tangu 2008 kuna pia nyota, moja hadi tano, kwenye tovuti ya Medicare. Nyota zinasaidia, ila sehemu yake hutokana na taarifa zinazojazwa na nyumba yenyewe. Mimi ningeanza na ripoti ya ukaguzi. Nyumba inalazimika kuiweka mahali ambapo wakazi na wageni wanaweza kuisoma bila kuomba. Iulizie iko wapi, kisha rudi kumtazama mzee Jumapili usiku, wahudumu wanapokuwa wachache.