Tathmini ya fedha na huduma za wazee ni nini?

Ni kazi ya kupima mambo matatu kwa pamoja: eneo lina wazee wangapi na shida zao ni zipi, wametengewa fedha kiasi gani, na kilichowafikia ni kipi. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea.

Dar es Salaam kazi hii hufanywa halmashauri kwa halmashauri, maana Temeke ina bajeti yake na Kinondoni yake. Idadi ya wazee huanzia kwa mtendaji wa mtaa na baraza la wazee. Fedha husomwa kwenye bajeti ya halmashauri, na hapo ndipo wengi hupigwa chenga: kilichopitishwa na madiwani si lazima kiwe kilichotolewa. Uliza vyote viwili.

Ugumu uko kwenye huduma. Chukua bibi wa Mbagala mwenye kitambulisho cha matibabu bila malipo. Kwenye ripoti ameshahudumiwa: dirisha la wazee lipo, hakupanga foleni, daktari kamwona. Kisha anaandikiwa dawa ya presha na kuambiwa, "Hii hatuna mama, kanunue nje." Dawa inalipwa na mjukuu, na bajaji ya kurudi nyumbani vilevile. Tathmini isiyomfuata bibi mpaka duka la dawa imehesabu vitambulisho tu.

Angalia pia mifuko ambayo wazee hawamo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Uzee peke yake haukupi fungu. TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) nayo hutazama umaskini wa kaya, si umri. Zanzibar wanayo pensheni jamii tangu 2016 kwa waliotimiza miaka 70. Bara hakuna malipo kama hayo kwa wazee wote. Makazi ya wazee ya Nunge, Kigamboni, ni ya wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, kwa hiyo yasichukuliwe kuwa jibu la wazee wa jiji zima.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla. Tathmini inayofika kwa afisa ustawi wa jamii mwezi Juni itakuta bajeti ya Julai imeshaandaliwa, na itasubiri ya mwaka utakaofuata.